Nilivyounda garabo ya kopo moja

Maonyesho ya kwanza ya kitaifa ya viwanda nchini Japani yalifunguliwa Ueno, Tokyo, mwezi Agosti 1877. Nishani ya juu ilikwenda kwa mashine ya kusokota pamba ya Gaun Tokimune, aliyewahi kuwa mtawa wa Kibudha. Watu waliiita garabo kwa mlio wake: gara, gara. Yangu ina kopo moja tu la kuwekea pamba, na inasokota.

Kopo ni la bati, kipenyo sm 4, urefu sm 17, wazi juu. Kwenye kitako nililehemu kipande cha spoku ya baiskeli, katikati kabisa. Kikienda upande, kopo linayumba na uzi unakatika. Chini yake kuna kapi inayozungushwa kwa kamba. Kopo na kapi havikufungwa pamoja. Kila kimoja kina meno mawili: kopo likikaa yanashikana, likiinuka mm 3 yanaachana.

Uhondo wote uko hapo. Kopo linazunguka, bobini (kigurudumu cha kukunjia uzi) iliyo juu inavuta, pamba inasokotwa ikitoka. Msokoto ukikaza mno, pamba inagoma kutoka, uzi unalinyanyua kopo. Meno yanaachana, msokoto unasimama, nyuzinyuzi zinateleza na uzi unakuwa mwembamba; kopo linashuka, kazi inaendelea. Hakuna mkono wa mtu unaopima unene.

Kazi ngumu ni mzani. Kopo limekaa kwenye ncha moja ya wenzo wa mbao, ncha ya pili nimetundika washa za chuma, vile visahani vyenye tundu katikati. Zikizidi, kopo linaelea na uzi unatoka legelege. Zikipungua, haliinuki kamwe; uzi unajikunja vifundo hadi unakatika. Na kadiri pamba inavyoisha kopo linakuwa jepesi, kwa hiyo natoa washa moja pamba ikifika nusu.

Pamba niichambue na kuichana vizuri, gramu 15, niiviringishe kwenye kijiti kisha niitumbukize bila kushindilia. Ukishindilia kwa kidole, inatoka mabonge. Kuanzia, nalowesha ncha ya uzi wa zamani, naigusisha kwenye pamba na kuzungusha taratibu.

Mizunguko 150 ya kopo kwa mita ya uzi haikutosha, uzi ulifumuka, 300 ulishika. Ni uzi mnene, wa blanketi, si wa shati.

Gaun mwenyewe hakufaidika sana: sheria ya hataza (haki ya mvumbuzi asiigwe) Japani ilikuja 1885, mafundi wakiwa wameshaiga. Huko Mikawa, eneo la Japani, waliifunga hata kwenye mashua za mto Yahagi, ikiendeshwa na magurudumu ya maji.