Ninavua Miwani Ili Nisome

Jana asubuhi mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea barua ya mzazi wake, nami, kama ilivyo kawaida yangu siku hizi, nikavua miwani, nikaisogeza karatasi karibu na uso na kuanza kusoma. Alinitazama kwa mshangao alioshindwa kuuficha, akasema, "Samahani, Mwalimu, watu si huvaa miwani ndipo wasome?" Nilicheka, nikamwambia arudi darasani, lakini usiku huu, nikiwa na rundo la daftari za insha mbele yangu, bado ninalifikiria swali lake.

Nimevaa miwani tangu nikiwa na miaka 14, ilipobainika kwamba yote niliyoyaandika darasani nilikuwa nikiyanakili kutoka katika daftari la jirani yangu, kwa sababu ubao kwangu ulikuwa ukungu mtupu. Leo nina miaka 46, na kipimo changu cha lenzi ni hasi (ndiyo alama ya lenzi za wasioona mbali) 3.25 jicho la kulia na hasi 3.00 la kushoto, maana yake ni kwamba nikiwa bila miwani, ulimwengu ulio wazi kwangu unaishia kiasi cha sentimita 33 kutoka usoni. Ndani ya eneo hilo dogo, hata hivyo, nilikuwa mfalme. Ni mimi niliyekuwa nikiitwa na bibi kumtungia uzi kwenye sindano, na kazi hiyo ilinifariji sana wakati wenzangu walipokuwa wakinicheka kwa kusalimia mlingoti wa bendera.

Nilipofika miaka 43, maandishi ya wino wa bluu yalianza kutawanyika nilipoyatazama nikiwa nimevaa miwani. Nilienda kupima macho mahali fulani, nikaulizwa kama lenzi hii au ile ndiyo inayoonyesha herufi nyeusi zaidi, nami kila mara nikachagua ile yenye nguvu zaidi, kwa kuwa herufi zilionekana ndogo na zenye wino mkolezo. Nilitoka na miwani ya hasi 3.75. Mabango ya barabarani niliyasoma vizuri, lakini kusahihisha daftari 40 kukawa adhabu: kichwa kiliuma, macho yakatoa machozi, na kila nilipoinua uso kutoka kwenye karatasi, ukuta wa mbele ulichukua muda kabla haujatulia.

Mtaalamu wa pili ndiye aliyenieleza, kwa subira ambayo ningependa niwe nayo darasani, kwamba nilikuwa na mambo mawili yasiyofutana. La kwanza ni la umbo: tufe la jicho langu ni refu kuliko inavyotakiwa, ndiyo maana sioni mbali, na urefu huo hautapungua kwa sababu tu nimeota mvi. La pili ni la umri: ndani ya jicho kuna lenzi ambayo ujanani ni laini, na misuli midogo inayoizunguka inapokaza, lenzi hutuna ili tuone kilicho karibu; lakini miaka inavyopita lenzi hiyo hukakamaa, na kwa watu wengi usumbufu huanza kujitokeza baada ya miaka 40. Ile miwani yenye nguvu ya kupita kiasi ilikuwa ikiilazimisha lenzi yangu iliyochoka kujikaza hata kwa kutazama mbali, hivyo ilipofika zamu ya daftari haikuwa imebakiwa na kitu. Shangazi yangu amekuwa akiniahidi kwa miaka mingi kwamba uzeeni macho ya aina yangu hujirekebisha yenyewe. Naona chanzo cha imani hiyo: mtu wa aina yangu huonekana akisoma gazeti bila miwani akiwa na miaka 70, na hakuna anayemuuliza kama anamtambua jirani aliye ng'ambo ya barabara.

Nimejaribu mengi tangu hapo. Mwalimu mwenzangu, ambaye hakuwahi kuvaa miwani maishani na sasa anaishika simu kwa mkono ulionyooka kabisa, aliniazima ile miwani ya kusomea inayouzwa barabarani, ya chanya 1.50, yaani kinyume cha lenzi zangu; nilipoivaa peke yake ilinibidi nilete daftari hadi sentimita 22 hivi, karibu kulinusa. Nilijaribu pia lenzi za progresivu, ambazo sehemu ya juu ni ya mbali na ya chini ni ya karibu. Zina watetezi wengi, nami siwapingi, ila katika ngazi za shule yetu niliinamisha macho kutazama nilipokanyaga na kukuta kipandio kimeyeyuka ndani ya sehemu ya kusomea. Niliambiwa niinamishe kichwa chote badala ya macho. Huo ni ushauri mzuri kwa mtu asiyebeba daftari 40 kifuani.

Kilichonisaidia zaidi ni kitu kisicho na fahari yoyote: miwani ya pili, dhaifu kuliko ya kwanza, hasi 1.75 na hasi 1.50, ambayo haifai kuvaliwa barabarani lakini inanipa kompyuta na meza yote, pamoja na uso wa mwanafunzi aliyeketi upande wa pili. Ya mbali ninaiacha kwa ubao na safari. Kwa maandishi madogo, kama yale ya kwenye pakiti ya dawa, ninavua zote.

Sasa hivi nimevaa hiyo dhaifu, na saa ya ukutani siioni inasema nini. Zimebaki daftari kumi na mbili, na ya juu kabisa ni ya yule kijana wa jana, ambaye mwandiko wake ni mdogo kama mbegu za mchicha. Hii itanibidi niivulie miwani.