Leso ya darasani: mstari mweupe umeondoka kwenye pindo

Umeondoka. Nimelikuza pindo lote kwenye skrini, kona hadi kona, na hakuna hata mshono mmoja unaoonekana. Naandika usiku huu huu kwa sababu shida hii imenila karibu nusu ya muhula, na najua kuna wenzangu darasani wanaopambana nayo bila kujua ni nini.

Kwa ufupi, mradi ni leso kamili, sm 150 kwa sm 110: mchoro bapa ulio tayari kwenda kwa mchapaji, picha ya leso ikiwa imevaliwa, na video ya sekunde 30. Rangi nimechukua zile za kisutu, leso ya jadi ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Pindo lina kina cha sm 15 na nimelijenga kwa vigae, yaani vipande vya mchoro vinavyojirudia, vya upana wa sm 10. Ukitoa kona mbili, upande mrefu unabaki na sm 120, yaani vigae 12, na upande mfupi sm 80, vigae 8. Hakuna kigae kinachokatwa. Katika kila kigae kuna korosho nyeusi, ua lenye umbo la korosho, ambayo mkia wake unavuka mpaka na kuingia kwa jirani. Nimeuchora hivyo makusudi, ili jicho lisipate mahali pa kusema "hapa ndipo pindo linaporudia". Vita vyote vimetoka kwenye mkia huo.

Kwenye Inkscape, programu ya kuchorea ninayotumia, mambo yalikuwa shwari. Vigae vimegusana, vipimo vimekaa. Ukitoa PNG, yaani picha ya pikseli, ya pikseli 150 kwa inchi, kama maelezo ya kazi yanavyotaka, unapata mstari mweupe mwembamba kama unywele kati ya kigae na kigae, tena katikati ya mkia mweusi wa korosho, mahali ambapo hauwezi kujificha. Nilichapisha kipande kwenye turubai kwa jaribio nikitumaini ni skrini tu inayonidanganya. Mstari ulikuwepo, umesimama wima.

Niliweka mstatili mwekundu nyuma ya pindo lote. Kwenye uwanja mwekundu weupe ulitoweka, lakini ndani ya mkia mweusi ukazaliwa mstari mwekundu. Nikavipandisha vigae kidogo, kimoja juu ya mwenzake, na nukta nyeupe za ukingoni zikaliwa. Nikaunganisha maumbo yote kuwa umbo moja. Hiyo ilifanya kazi, ila kloni, zile nakala zinazobadilika pamoja na mchoro wa asili, zilikufa: nikitaka kunenepesha korosho moja sasa nizinenepeshe zote kwa mkono, na laptopu yenye RAM ya GB 4 ilikuwa inahema kila nikigusa nodi. Nilijaribu pia kuandika SVG, faili ya mchoro iliyo katika maandishi, kwa mkono na kutumia elementi ya pattern, ambayo hurudia kigae yenyewe. Wanaoisifu hiyo nadhani hawajaitumia kwa kitu kikubwa. Mishono ilirudi vilevile, na kwenye kivinjari ikawa inacheza kila ukibadilisha ukubwa wa dirisha.

Kilichonifungua macho ni kwamba mistari haikuwa sawa. Mshono ulioko sm 45 kutoka ukingo wa kushoto ulikuwa unapiga kelele. Ule wa sm 55, kigae kilekile, korosho ileile, haukuonekana kabisa. Kwa nini? Nikachukua kikokotoo.

Pikseli 150 kwa inchi ni pikseli 59.055 kwa sentimita. Kwa hiyo sm 45 inaangukia kwenye pikseli 2657.48, katikati kabisa ya pikseli. Programu inapolainisha kingo, yaani kuchanganya rangi kwenye pikseli za mpakani ili mistari isiwe na ngazi, kigae cha kwanza kinafunika takriban nusu ya pikseli hiyo, na nusu nyingine inabaki nyeupe. Kisha kinakuja kigae cha pili kufunika nusu yake. Wewe unadhani nusu na nusu ni kamili. Programu haihesabu hivyo: haikumbuki ni upande upi wa pikseli uliokwisha kufunikwa, inachanganya tu nusu ya rangi mpya na kile ilichokikuta. Nusu ya nusu nyeupe inabaki, yaani robo ya weupe, na ndiyo unayoiona. Sasa tazama sm 55: pikseli 3248.03. Mpaka umeangukia karibu kabisa na ukingo wa pikseli, weupe unaobaki ni kama asilimia 3, nani atauona? Nilipitia mishono yote upande mrefu nikiwa na hesabu mkononi, na kila palipotabiriwa mstari mkali palikuwa na mstari mkali. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku mchoro wenyewe ulipokamilika.

Si kasoro ya Inkscape basi. Programu yoyote inayolainisha kingo umbo kwa umbo itakuletea haya.

Dawa ni kuhakikisha mpaka wa kigae unaangukia pikseli kamili, kila mara. Inchi moja ni sm 2.54. Ukitoa picha kwa pikseli 127 kwa inchi unapata pikseli 50 kamili kwa kila sentimita, bila desimali yoyote. Leso inakuwa pikseli 7500 kwa 5500, kigae 500 kwa 750, kona 750 kwa 750. Kila mpaka umekaa kwenye ukingo wa pikseli. Mchapaji akidai zaidi, 254 inakupa 100 kwa sentimita, ila hapo ni pikseli milioni 165 na laptopu yangu haithubutu. Mwalimu aliuliza kwa nini nimeleta namba ya ajabu hivyo. Nikamwonyesha mshono wa sm 45 kabla na baada, akaikubali.

Halafu nikaenda mbele hatua moja: nikazima kulainisha kingo kabisa kwenye mipangilio ya PNG. Watu wataona ni ushamba, kwamba mistari ya mviringo itakuwa na ngazi. Lakini pikseli moja hapa ni milimita 0.2, na kwenye pamba ngazi hiyo haina pa kuonekana. Faida yake ni kubwa. Leso ya kuchapwa kwa skrini inataka kila rangi na skrini yake, yaani fremu ya wavu inayopitisha wino, na mchapaji hana skrini ya waridi wala ya kijivu. Nikaipitisha faili kwenye ImageMagick, programu ya kushughulikia picha kwa amri za maandishi, amri ya identify yenye %k ambayo huhesabu rangi zilizomo. Awali ilikuwa inanirudishia mamia, zote zimetokana na kingo zilizolainishwa. Sasa inarudisha 3. Nimeipiga tena na tena kuitazama tu hiyo 3.

Kuhusu zana, kwa kuwa kila mtu ananiuliza: Illustrator ina brashi ya ruwaza inayoshughulikia kona vizuri sana, sitabisha, lakini ada ya kila mwezi kwa mwanafunzi ni mzigo, na kloni za Inkscape zinanitosha. Canva ni ya mabango, msinitajie kwa kazi ya vipimo. Na ukifungua faili za SVG za zamani angalia kipimo chake, maana Inkscape kabla ya toleo la 0.92 ilitumia pikseli 90 kwa inchi na baadaye 96, kwa hiyo sm 10 ya faili ya zamani inaweza kufunguka ikiwa si sm 10 tena.

Hatua inayofuata ilikuwa video. Nimeiweka kando. Nilimpelekea nyanya yangu chapa ya karatasi aitazame, akaligusa lile boksi chini ya mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, ambalo nilikuwa bado sijaliandika.

"Na jina liko wapi, mwanangu? Leso haivaliwi kimya."

Jina ni msemo unaoandikwa kwenye leso. Nikamwambia nafikiria WEMA HAUOZI, kwa herufi kubwa nene kama zilivyo leso zote za Biashara Street, Mombasa. Akachukua biro, akageuza karatasi, akaliandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, irabu zote juu na chini, mkono hautetemeki. Leso za mwanzo ziliandikwa hivyo kabla herufi za Kirumi hazijashika, na sijaona mtu darasani aliyejaribu. Siwezi kurudi kwenye Kirumi baada ya kuliona lile.

Kwa hiyo sasa nauchora mwandiko wake kwa kalamu ya vekta, nodi kwa nodi. Ugumu uko kwenye kulijaza boksi. Herufi za Kirumi unazitawanya tu mpaka zifike ukingoni. Hizi ukizitawanya zinaachana mikono na neno linavunjika, kwa hiyo inabidi urefushe kiungo chenyewe kati ya herufi na herufi, na si kila herufi inakubali kuungana na inayoifuata. Nimeshapata nafasi mbili zinazorefuka vizuri. Nyanya anasema ya pili imezidi, niipunguze.