Umati hupigwa picha kutoka ubavuni

Wengi wanaorusha droni mijini wanaamini kwamba chombo chenye gramu 249 hakina sheria. Si kweli, na imani hiyo ni ya hatari. Katika Umoja wa Ulaya, droni nyepesi ya daraja C0, yaani chini ya gramu 250, inaweza kupita juu ya mtu mmoja mmoja asiyehusika na kazi yako, lakini juu ya umati imekatazwa kabisa. Na umati haupimwi kwa idadi ya vichwa. Ni watu waliosongamana kiasi kwamba wakiona kitu kinawaangukia hawana pa kukimbilia. Foleni iliyobanwa na vyuma mlangoni mwa uwanja wa mpira ni umati hata ikiwa fupi. Marekani nayo inaruhusu chombo kisichozidi gramu 250 juu ya watu ikiwa tu sehemu zake zinazozunguka haziwezi kuchana ngozi, jambo ambalo propela tupu zisizo na kinga hazilitimizi. Ukitaka kukaa juu ya mkusanyiko wa wazi, droni lazima pia iwe inatangaza utambulisho wake kwa redio.

Sababu ya ukali huo iko kwenye hesabu ndogo tu. Kitu kikizima mita 50 juu, kinafika chini baada ya sekunde 3 na ushei. Kikiwa kilikuwa kinakwenda mita 10 kwa sekunde, kinaweza kutua mita 30 mbele ya pale kilipozimia. Droni ya propela 4 ikivunjika moja, kwa kawaida haina tena namna ya kujisawazisha: inapinduka na kuanguka, na rimoti mkononi haina kazi. Kwa hiyo kutokuwa juu ya watu kabisa hakutoshi. Kanuni ya kushika ni moja kwa moja: ukiwa mita 40 juu, uwe angalau mita 40 mbali nao kwa mlalo, na ukiwa kwenye mwendo au upepo unavuma kuelekea kwao, ongeza.

Hapa ndipo mpiga picha anapodhani ananyimwa picha yake. Ukweli ni kwamba ile picha ya utosini ndiyo dhaifu. Inaonyesha nywele na kofia, haina kina wala nyuso wala mji nyuma yake. Tafuta ukanda mtupu ubavuni: mto, reli iliyofungwa, paa ulilopewa ruhusa, maegesho yaliyozungushiwa mkanda. Kaa hapo mita 60 kutoka kwa watu, mita 40 juu, inamisha kamera nyuzi 30 hadi 35, halafu tumia lenzi ndefu, ile inayolingana na milimita 70. Ikilinganishwa na lenzi pana ya 24, watu walio mita 72 wataonekana kana kwamba uko mita 25 tu kutoka kwao, na majengo ya nyuma yatasogea na kujaza fremu. Mwendo wa polepole sambamba na ukingo wa umati, mita 2 kwa sekunde, unatoa picha ya kuvutia kuliko kuvuka katikati yao.

Ruhusa zifuatilie kwa mpangilio. Kwanza anga: ramani rasmi ya mamlaka ya usafiri wa anga, pamoja na matangazo ya muda, kwa sababu shughuli kubwa mara nyingi hufungiwa anga kwa siku hiyo tu. Angalia pia viwanja vya helikopta vya hospitali. Kisha mwenye eneo unaporukia na kutua, kisha polisi na waandaaji. Kibali cha waandaaji peke yake hakifungui anga, hata wakikuandikia barua yenye mihuri mitatu.

Mji wenyewe una mitego yake. Paa la zege limejaa nondo, na nondo huivuruga dira: droni inaanza kuzunguka duara linalopanuka badala ya kutulia. Weka sanduku au meza chini yake, na usiisawazishe dira juu ya zege hilo. Kati ya maghorofa mawimbi ya setelaiti hudunda kwenye kuta, hivyo chombo kinaweza kudhani kipo mita kadhaa kutoka kilipo. Vihisi vya vizuizi havioni vizuri kioo wala nyaya nyembamba, na gizani vingi havioni chochote. Kumbuka pia kwamba kimo kinachosomeka kwenye skrini huhesabiwa kutoka uliporukia. Ukiruka kutoka paa la mita 40 na skrini ikasema 100, uko mita 140 juu ya barabara, wakati nchi nyingi zinakomea 120.

Kuna mpangilio mmoja unaosahaulika, nao ni kile droni itakachofanya mawasiliano yakikatika. Kimo cha kurudi kiwe mita 20 juu ya jengo refu zaidi lililo njiani, na bado ndani ya kikomo. Ikiwa hesabu hiyo haiwezekani, chagua kuganda angani, au badili sehemu ya kurukia.

Na usiipoteze machoni. Tarehe 9 Januari 2025, wakati wa moto wa Palisades huko Los Angeles, droni ya gramu zisizofika 250 iliyorushwa kutoka ghorofa ya juu ya maegesho huko Santa Monica ilikwenda zaidi ya kilomita 2, mrushaji hakuiona tena, ikaitoboa bawa ndege ya kuzima moto. Ndege hiyo ilitolewa kazini kwa matengenezo wakati moto unawaka.

Kuhusu kamera: kasi ya shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu kwa sekunde, yaani 1/50 ya sekunde kwa fremu 25. Kwenye jua kali, lenzi yenye upenyo wa f/2.8 na ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga) hudai filta ya ND64 hivi, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Usiku, penye umeme wa hezi 50, hiyo 1/50 huzuia taa kupepesa. Penye hezi 60 tumia fremu 30 na 1/60. Usirekodi njiani ukipita madirisha ya watu, anza ukishafika.

Eneo la kutua lizungushiwe mkanda, mita 5 kila upande, na awepo msaidizi ambaye kazi yake ni kutazama watu na anga tu. Watu husogea droni inaposhuka, watoto hasa. Wakivuka mkanda, ipandishe tena mpaka mita 10, juu ya eneo tupu, isubiri hadi msaidizi awarudishe. Hilo linawezekana tu kama umeanza kurudi betri ikiwa na asilimia 35, si 15.