Chupa 18 na umeme wa Alhamisi

Jumatatu iliyopita nilipanda daladala nikiwa na deli mapajani. Ni deli la kawaida, lile la bluu la wauza barafu za ukwaju. Nililinunua Kariakoo baada ya kikasha cha maabara kuazimwa na kutokomea. Hatujapita hata vituo viwili, kaka mmoja aliyesimama karibu yangu akauliza, "Dada, maji ya baridi bei gani?" Nikamwambia hayauzwi. Akaniona mchoyo, maana hela anayo mkononi na jua lilikuwa la kuchoma. Ikabidi niseme ukweli: ni majitaka, nayapeleka kupimwa. Kufumba na kufumbua nikabaki na siti ya watu wawili peke yangu. Konda alicheka mpaka akasahau kumteremsha mtu.

Nipo mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa mazingira. Mama huwaambia majirani kwamba "anasomea mambo ya maji", nami simsahihishi. Tasnifu yangu ni ya mabwawa ya kusafishia majitaka. Yanapangwa kwa mfululizo: la kwanza lenye kina kirefu, ambamo tope linatulia na kuoza bila hewa, kisha yale mapana ya kijani. Hayana mtambo wa kutisha. Mwani unatengeneza oksijeni mchana kutwa, bakteria wanaitumia kula uchafu, na hewa ya ukaa wanayotoa inaurudia mwani. Jua linafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mashine za kupuliza hewa na bili kubwa ya umeme. Nilipofundishwa hilo kwa mara ya kwanza nililipenda papo hapo, na bado nalipenda.

Tatizo ni kuyapima.

Kipimo kikuu ni BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria wanakihitaji ili kula uchafu uliomo. Unachanganya sampuli na maji uliyoyatia virutubisho, unajaza chupa za mililita 300 mpaka shingoni bila kuacha hata kipovu kimoja, unapima oksijeni, kisha unazifungia gizani kwenye inkubeta, kabati la kushikilia joto lisibadilike, nyuzi 20 za Selsiasi, siku tano. Unarudi kupima kilichobaki. Kwa kuwa kifaa chetu cha kusoma oksijeni kimekufa, natumia njia ya Winkler, ya tangu mwaka 1888: unatia manganizi, chupa inashika mawingu ya kahawia, unatia asidi, inageuka rangi ya chai ya rangi. Halafu unadondosha kemikali ya thiosalfeti kutoka kwenye bureti, bomba jembamba lenye vipimo, unaongeza wanga kidogo, inakuwa bluu nzito; kiasi ulichodondosha ndicho kinachokuambia oksijeni ni kiasi gani. Tone, tone, tone. Tone la mwisho linafuta bluu yote kwa mpigo, na ukizidisha moja tu, umekwisha. Huwa naacha hata kupumua.

Siku tano maana yake ukianza Jumatatu unasoma Jumamosi, ukianza Jumanne unasoma Jumapili. Wenye akili huanza Jumatano. Mimi gari la kwenda mabwawani lilipatikana Jumatatu, la kurudi halikupatikana, na Jumamosi yenyewe kulikuwa na kitchen party ya binamu yangu. Nikaaga mapema, nikaenda maabara na gauni langu la kitenge.

Nilipofungua mlango nilijua. Inkubeta ina mngurumo wake, na haikuwa ikinguruma. Kipimajoto ndani kilisoma 29. Mlinzi akaniambia umeme ulikatika Alhamisi usiku, jenereta likawaka lakini jengo letu halimo kwenye laini yake. Chupa 18, zimekaa gizani kwenye joto la Dar kama sisi wengine. Nilikaa kwenye stuli nikatamani kulia, kisha nikazisoma tu, ili nione. Zile zenye sampuli nyingi oksijeni ilikuwa imekwisha kabisa. Kwa kanuni ni lazima ibaki walau miligramu moja kwa lita, la sivyo jibu halifai. Msimamizi wangu alijibu ujumbe kwa neno moja: "Rudia."

Usiku nikashindwa kulala, nikaanza kutafuta: kwa nini 20, na kwa nini tano? Nilikuwa nimekariri tu. Asili yake ni Tume ya Kifalme ya Majitaka ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1898. Ripoti yake ya nane, ya mwaka 1912, ndiyo iliyoweka kipimo cha siku tano. Husimuliwa kwamba siku tano zilichaguliwa kwa sababu mito yao haichukui zaidi ya hapo kufika baharini. Joto lilikuwa nyuzi 65 za Farenhaiti, joto la mito yao wakati wa kiangazi, baadaye likasogezwa hadi 20 za Selsiasi.

Nikaufikiria Msimbazi, mto wetu wa hapa Dar. Kutoka Vingunguti hadi Daraja la Selander, unakoingia baharini, hata kwa miguu unafika kabla ya magharibi. Na nyuzi 20? Maji ninayochota saa nne asubuhi yana nyuzi 28. Kwa fomula tuliyofundishwa, uozaji kwenye 28 unakwenda kasi zaidi kwa asilimia 44 kuliko kwenye 20. Yaani nachukua maji ya moto ya kwetu, nayapoza kwa umeme nisiokuwa na uhakika nao, ili yajifanye mto wa Uingereza. Nilicheka peke yangu kitandani, mwenzangu wa chumba akageukia ukutani.

Sikatai kuwa na kipimo kimoja cha dunia nzima. Bila hicho tusingeweza kulinganisha chochote, na kiwango chetu cha maji yanayoachiliwa, miligramu 30 kwa lita, kimeandikwa kwa siku tano na nyuzi 20 hizo hizo. Ila Wahindi waliona mambo yao, wakaweka siku tatu kwa nyuzi 27. Kuishikilia 27 wakati chumba kina 30 ni kazi nyepesi mno kuliko kuishikilia 20. Nimemwandikia msimamizi kuomba niziendeshe zote mbili sambamba. Hajajibu, na kwake kimya si lazima kiwe hapana.

Leo nimerudi mabwawani kuchota upya. Mzee anayeyatunza alikuwa anakwangua magamba pembezoni kwa reki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mashine imesemaje?"

"Mashine ilizimikiwa na umeme, mzee. Naanza upya."

Akaniita hadi bwawa la pili, akanionyesha kona ya mashariki kwa mpini wa reki. Ndani ya ukijani kulikuwa na utepe wa rangi ya waridi, mwembamba kama khanga iliyoloa. "Limevimbiwa hili," akasema. "Tangu Ijumaa. Asubuhi linanuka yai viza, jua likipanda linatulia." Vitabuni ile waridi ni bakteria wa salfa, na ndiyo dalili ya bwawa lililobebeshwa mzigo kuliko oksijeni yake. Kurasa mbili na mchoro mmoja. Yeye hajawahi kuziona.

Nikamuuliza anajuaje kuwa ni tangu Ijumaa na si Jumamosi.

"Ijumaa nilikuwa natoka kuswali."

Nimechota chupa zangu, nimezipanga kwenye deli na barafu. Kisha nikafungua daftari, nikaandika juu ya safu ya vipimo: bwawa la pili, waridi kona ya mashariki, harufu asubuhi, tangu Ijumaa. Mzee akachungulia begani kwangu.

"Andika na jina langu," akasema.

Nimeliandika.