Makombo ya Darubini Yaliyoniokolea Uzamivu

Nilipoanza masomo ya uzamivu katika astronomia nilipewa ushauri ambao hadi leo ukinijia akilini hunikera: kwamba mtafiti anayejiheshimu hukusanya data zake mwenyewe kwenye darubini, na kwamba data zilizokwisha kuhifadhiwa na kuachwa wazi kwa kila mtu ni makombo. Nilikuwa mgeni wa kazi, nikauamini, nao ukanigharimu mwaka mzima na ushei.

Nilikuwa nikichunguza nyota za aina ya RR Lyrae. Hizi ni nyota kongwe, nyingi zikiwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 10, ambazo huvimba na kusinyaa, hivyo mng'ao wake hupanda na kushuka kwa mpangilio ule ule, kwa kawaida katika muda usiofika siku moja. Ukiujua muda wa pigo hilo na ukapima mwanga wake wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, unaweza kukokotoa umbali wa nyota. Ukiukosea muda, umbali nao unakwenda upogo. Nilipata usiku 8 kwenye darubini ya wastani, mawingu yakala 3, na katika ule uliobaki niliipima nyota yangu kila ilipofika juu kabisa angani, kwa sababu hapo mwanga wake hupenya tabaka jembamba zaidi la hewa na vipimo hutoka safi. Nilijiona mjanja kweli. Programu ikatoa muda wa saa 8 na dakika 38, nami nikaandika sura nzima ya tasnifu, kurasa arobaini na kitu, pamoja na michoro ya rangi ambayo niliionea fahari kuliko hesabu zenyewe.

Aliyenivua nguo hakuwa profesa. Alikuwa mwendeshaji wa darubini wa zamu ya usiku, mtu mzima wa maneno machache, ambaye aliutazama mchoro wangu kwenye skrini kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, nyota hii huwa unaipima saa ngapi?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba kila usiku ni saa ile ile, shikamoo yake nikiwa nimekwisha kuitoa mapema na sina zaidi la kumpa. Akacheka. "Sasa ikipiga pigo moja la ziada kila siku wewe ukiwa umelala, utajuaje?"

Sikulala. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu kwa mkono. Nyota yenye muda wa saa 8 na dakika 38 hupiga mapigo 2.78 kwa siku. Yenye muda wa saa 13 na dakika 29 hupiga 1.78. Tofauti ni pigo moja kamili, kwa hiyo anayezichungulia mara moja tu kwa siku huzikuta zote mbili zimefika mahali pale pale, sawa na mtu anayeitazama saa ya ukutani kila ikifika adhuhuri, kisha akaapa kwamba mishale yake haisogei. Vipimo vyangu safi vilikuwa vikiyakubali majibu yote mawili, na programu ilikuwa imechagua moja kwa tofauti ndogo ya kubahatisha.

Kama ningeipima mwanzoni mwa usiku na tena saa 6 baadaye, majibu hayo mawili yangeachana kwa robo ya pigo, na mambo yangekwisha. Lakini kufikia hapo nyota ilikuwa imeingia upande wa jua, haionekani tena usiku kwa miezi kadhaa. Ndipo nilipoyarudia makombo. Setelaiti ya TESS, iliyorushwa mwaka 2018 kutafuta sayari za nyota nyingine, hukodolea kipande kimoja cha anga kwa siku 27 hivi karibu bila kupepesa, maana huko iliko hakuna mapambazuko yanayoisimamisha kazi, na picha zake huachwa wazi kwa yeyote. Nyota yangu ilikuwamo humo tangu kabla sijaomba usiku hata mmoja.

Tabu ilikuwa moja: pikseli yake ni pana mno, hata mwanga wa nyota jirani ukamwagika ndani ya wangu, na mabadiliko yakaonekana madogo kuliko yalivyo. Hilo lilinitia hofu kwa siku mbili, mpaka nilipong'amua kwamba jirani asiyebadilika hupunguza ukubwa wa pigo bila kuugusa muda wake. Mchoro ukatoka: mng'ao unapanda kwa kasi, unashuka polepole, saa 13 na dakika 29. Kazi hiyo ilichukua jioni nne na haikunigharimu chochote, ilhali safari ya darubini ilikuwa imemeza sehemu kubwa ya fungu langu la utafiti. Kurasa arobaini nikazifuta mwenyewe.

Baada ya uzamivu huja mikataba ya miaka miwili mitatu na kuhamahama. Hayo kila mtu anayajua. Ndugu zangu bado hunitambulisha kama mnajimu, na wapo walioniletea tarehe za kuzaliwa. Kilichonitoa jasho ni kuomba muda kwenye darubini kubwa. Nilikataliwa mara mbili kwa sababu niliomba usiku wa giza, ambao wachunguzi wa galaksi hafifu wote huugombania. Mara ya tatu niliomba usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa katika infraredi mwezi hauniumizi sana, na waombaji wake ni wachache. Nikapewa.

Nilipofika, mwezi ulikuwa ukimulika hadi nikaona kivuli changu nje ya kuba la darubini. Vipimo nilivipanga saa ya kwanza na saa ya mwisho ya usiku, nyota ikiwa imeinama karibu na milima, mahali ambapo zamani nisingeitazama kabisa.