Kumngoja tiva, mdiria akatangulia

Dunga, Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, saa 12:30 asubuhi. Upepo bado unatoka nchi kavu kwenda ziwani na mafunjo yametulia. Hali hii haidumu. Mchana upepo hugeuka, ziwa likavuma kuelekea mjini, na kila bua likaanza kuyumba mbele ya lenzi. Jua likikolea, joto nalo hucheza juu ya maji, na ndege aliye mita 40 hutoka na ukungu hata lenzi iwe ya bei gani. Saa za kumpiga picha ndege aitwaye tiva wa mafunjo ni hizi basi, mpaka saa 3 hivi.

Tiva huyu makao yake ni mafunjo: mgongo mweusi, kifua chekundu cha damu, utosi wa manjano. Utamsikia kabla ya kumwona, dume na jike wakijibizana upesi hata udhani ni ndege mmoja. Wapo wanaompigia sauti yake kwa simu ili atokeze. Jamani, tuache. Akisikia mgeni kwenye eneo lake huacha kula, akahangaika kumfukuza adui asiyekuwepo.

Mwombe mwenye mtumbwi azime injini mapema, asogee kwa pondo, kisha aegemeze ubavu kwenye mafunjo, jua likiwa mgongoni mwako. Akisema kuna kiboko, mnaondoka; hapo hakuna mjadala. Tripodi haifai mtumbwini, maana kila mtikisiko unapanda kwenye miguu yake. Mfuko wa kitambaa wenye kilo 1 ya maharagwe ukingoni hubeba lenzi ya milimita 400 vizuri zaidi. Fokasi iwe ya nukta 1, uiweke wewe mwenyewe juu ya jicho la ndege. Ukiiachia kamera ichague, itashika bua la mbele na jicho la ndege litapotea. Shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde yamtosha aliyetua. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 3200 bila hofu: chembechembe zinazotokea pichani husafishika baadaye, mtikisiko hausafishiki. Tiva akiwa kivulini, ongeza mwanga theluthi moja ya stopu (stopu 1 ni mwanga mara mbili) ili weusi usiwe doa tupu, ila usizidishe, kwani wekundu wa kifua ndio huungua kwanza, ukapoteza umbo la manyoya.

Kisha ukae. Anayehama kila dakika 10 hurudi nyumbani na picha za migongo.

Na katika kukaa huko ndipo huja asiyengojewa: mdiria mdogo wa buluu, tumbo la rangi ya chungwa, anatua kwenye bua lililopinda. Lenzi nyingi ndefu hazishiki kitu kilicho chini ya mita 2 au 3, na wengi humkosa kwa sababu swichi ya lenzi inayochagua umbali wa fokasi waliiacha upande wa mbali. Iangalie kabla hajaja. Bua lenye madoa meupe ya kinyesi ni kiti chake. Akiruka usihangaike, atarudi. Akirudi na samaki humgonga kwenye bua mara kadhaa, akamgeuza, akammeza kichwa kikitangulia. Hapo shata ipande hadi 1/2000.

Lakini akimshika samaki kichwa kikielekea nje ya mdomo, hamli yeye. Anampelekea mwenzake, au makinda walio ndani ya shimo kwenye ukingo wa udongo. Piga picha 1 au 2, mwache aende, na mtumbwi usimfuate.