Mkebe wa kwanza: napanga biashara ya mafuta ya ngozi jikoni kwangu Umoja

Mi ni msusi, nasuka hapa Umoja, Nairobi, mwaka wa saba sasa, na mtu akikaa kwa kiti chako masaa matano akisukwa nywele ndogo ndogo utajua mambo yake yote, ya bwana, ya mwenye nyumba, ya shule ya watoto, na ngozi yake pia utaijua manake uko hapo juu ya kichwa na unaona kila kitu. Nimeona vitu. Kuna mama alikuja mashavu yamekuwa meusi kama ameunguzwa, kumbe alijipaka ndimu usiku na asubuhi ati kwa sababu ni asili, alafu akaenda kuuza nguo kwa jua siku nzima. Ndimu kwa ngozi na jua juu yake inaunguza kabisa, sio hadithi. Mwingine alikuwa anapaka mafuta ya kichwa yameshachacha mpaka harufu inakufikia kabla hujafungua kilemba, na anakuuliza kwa nini ngozi ya kichwa inamwasha.

Lakini kilichonisukuma mimi ni mamangu. Alipaka krimu ya kung'arisha uso kwa miaka mingi, ile ya kupimiwa kwa kopo bila lebo yoyote, na mwanzo alipendeza kweli, alafu hapa kwa mifupa ya mashavu na kwa vifundo vya vidole kukaanza kuwa na weusi wa bluu bluu ambao mpaka leo haujaisha. Daktari akatuambia hizo ni dalili za haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ikipakwa muda mrefu. Hiyo kitu na zebaki zimepigwa marufuku kwa vipodozi hapa Kenya na bado zinauzwa, na zebaki yenyewe haiishii kwa ngozi, inaingia mpaka kwa figo. Mama hakuwa mjinga. Hakukuwa na mahali pameandikwa ni nini anapaka. Tangu hiyo siku nikajiambia nikiwahi kutengeneza kitu cha kupaka mtu, lazima aweze kusoma kila kilicho ndani.

Sasa nimeanza kupanga kwa kweli, na nimeona niandike hapa venye imekuwa manake kuna wengi mnaniuliza inbox na mimi pia nilisaidika na watu walioandika.

Nilianzia mahali kila mtu anaanzia, aloe. Nilikuwa na mmea wa Aloe vera kwa ndoo hapo kwa balkoni, nikakata majani, nikatoa ule ute, nikasaga, nikachanganya na shea bata, yale mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea, na mafuta ya nazi nikapiga na ile mashine ya keki mpaka ikafura ikawa laini nyeupe, nzuri ajabu. Nikapea watu watatu. Siku ya tisa mmoja akanitumia picha kwa WhatsApp, juu ya krimu kuna madoa ya kijani na manyoya. Ukungu. Nikawapigia wote watatu hapo hapo nikawaambia watupe, na nililala vibaya hiyo wiki kwa sababu ukungu unauona kwa macho lakini bakteria huwaoni, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kumpaka mtoto.

Hapo ndio nikakaa chini nikasoma. Mambo yako hivi: viini, yaani bakteria na ukungu, vinataka maji. Ukitengeneza kitu cha mafuta matupu, yaani mafuta na nta bila tone la maji, viini havina pa kuishi. Mafuta yatachacha baadaye kwa sababu ya hewa, mwanga na joto, lakini hayataota ukungu. Ukiweka maji, ama ute wa aloe, ama maji ya mchele, ama maziwa, ama maji ya marashi, lazima uweke kihifadhi, yaani kitu cha kuzuia viini, na vitamini E sio kihifadhi hata kama kila mtu kwa intaneti anasema ni kihifadhi. Vitamini E inachelewesha mafuta kuchacha, basi, haiui kiini hata kimoja. Nimeona watu Nairobi wanauza krimu ya aloe wameandika haina kemikali kabisa, inakaa miezi sita, na sasa nikiona hiyo lebo moyo unadunda.

Nilimpigia shangazi yangu Kisauni nikamwuliza, nyinyi huko Pwani mnapaka liwa, ule mti wa manukato, tangu enzi za bibi, mbona haiozi? Akanicheka. Akasema mwanangu, liwa huisugua juu ya msio, lile jiwe la kusugulia, na maji ya marashi ukapata ya kupaka leo, ukapaka leo. Nani aliweka liwa ya kesho? Na aki hilo jibu limenifundisha kuliko vitabu. Vile vitu vya asili vya mama zetu vilikuwa salama kwa sababu vilitengenezwa saa hiyo na kuisha saa hiyo. Mimi nataka kuweka kitu kwa mkebe kikae kwa kabati la mtu miezi, hiyo ni kazi nyingine kabisa, na kusema ni asili hakuniondolei hiyo kazi.

Kwa hivyo bidhaa ya kwanza ni moja tu na haina maji. Mafuta mazito ya kupaka mwili, mkebe wa gramu 100. Sio losheni, sio sabuni, sio sukari ya kusugua uso. Watu wananiambia nifanye na sabuni na najua ningeuza, lakini sabuni ya kweli unacheza na koste soda, unapima kila gramu, unamwaga soda kwa maji na si maji kwa soda manake inaweza kukurukia, alafu unaiacha wiki nne mpaka sita ikauke. Nyumba yangu ni chumba kimoja na sebule na nina mtoto wa miaka mitatu. Ngoja kwanza.

Mafuta ya nazi natumiwa na shangazi kwa basi la usiku, anayapika mwenyewe, anakuna, anakamua tui, anachemsha mpaka mafuta yanapanda. Yananukia vizuri sana lakini chupa ya kwanza ilichacha upesi, tukagundua alikuwa anaepua mapema na maji yamebaki ndani. Sasa anaacha moto mdogo mpaka povu liishe na yaache kutoa ile sauti ya kuchirizika, anachuja kwa kitambaa kikavu, na chupa anazianika zikauke ndani kabisa. Nta inatoka kwa mjomba Mwingi, ana mizinga ya magogo kwa mibuyu, nta yake ni njano iliyoiva na ina harufu ya asali bado. Mjomba aliniambia pia atanikatia gunia la kiluma, ile aloe ya porini, bure. Nikamwomba asikate. Aloe zote za porini zinalindwa na CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ni Aloe vera tu ya shambani iko nje ya orodha, na hata kama hakungekuwa na sheria, kule kwetu kiluma kimepungua mtu anatembea asubuhi yote kukipata. Sitaki biashara yangu ianze kwa kumaliza kitu cha nyumbani.

Shea bata ndio imenisumbua. Kuna ile ya Afrika Magharibi, ngumu, na kuna ile ya kaskazini mwa Uganda ambayo ni laini zaidi na inayeyuka ukiigusa tu. Nimechagua ya Uganda kwa sababu ni jirani na inapakika vizuri. Lakini sufuria mbili za kwanza zilitoka na chenga chenga kama semolina ndani, hazina madhara ila mtu akipaka anahisi mchanga. Sababu ni kupoa polepole, kila aina ya mafuta ndani ya shea inaganda kwa wakati wake. Dawa yake: yeyusha juu ya maji moto, usiweke sufuria kwa moto wenyewe, nta kwanza kwa sababu inahitaji kama digrii 63, shea mwisho, koroga, mimina, alafu weka kwa friji haraka. Sufuria zangu mbili za kuwekana moja juu ya nyingine nilizitoa Kamukunji.

Na joto, hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Mafuta ya nazi yanayeyuka kama digrii 24, kwa hivyo Julai hii hapa Nairobi yanaganda jiwe kwa chupa na huko Kisauni ni maji mwaka mzima. Nikamtumia shangazi mikebe miwili. Ilifika ikiwa supu, lebo zote zimelowa mafuta. Sasa nina vipimo viwili kwa daftari, cha Nairobi na cha Pwani chenye nta zaidi, na kila sufuria ninayopika naipa namba, tarehe, na kila kitu kilichoingia kwa gramu. Vijiko nimeacha. Mizani ya jikoni ndio kitu cha kwanza ningemwambia mtu anunue.

Tuongee pesa sasa, manake hapa ndio wengi tunaanguka. Sufuria ya kilo moja ni shea gramu 600, mafuta ya ovakado 200, nazi 100, nta 90, vitamini E 10. Kwa bei ninazonunua mimi, shea ni 720, ovakado 300, nazi 80, nta 90, vitamini 60, jumla 1,250. Mikebe inatoka tisa na si kumi kwa sababu kuna inayobaki kwa sufuria na kuna yangu ya kuweka kando nione venye itakaa. Hiyo ni 139 kila mkebe. Mkebe mtupu 85, lebo 15, mfuko wa khaki 10, tumefika 249. Mimi nilikuwa nimeshasema kwa saluni nitauza 350 na nikaona faida ya mia moja safi. Alafu dadangu, ambaye anafanya kazi ya mahesabu, akaniuliza swali moja tu, wewe unalipwa na nani? Kila sufuria inanichukua masaa matatu na kuosha vyombo. Nikijilipa 200 kwa saa, ambayo ni chini ya ninayopata nikisuka, ni 67 kila mkebe. Sasa ni 316, bado gesi, bado boda, bado mikebe ya kujaribisha watu, bado pesa ya kupimwa. Na kuna duka Ngara limesema litachukua lakini wanataka bei ya jumla. Nikiuza 550 mwenyewe na 400 kwa duka, duka linaniachia 84 ya kulipa hayo mengine yote. Ni kidogo, lakini iko. Kwa 350 ningekuwa nalipia watu wajipake.

Jina nimelipeleka eCitizen. Kibali cha kaunti kitakuja nikipata mahali pa kufanyia. Kubwa ni KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa sababu vipodozi vinavyotengenezwa hapa vinatakiwa kuwa na alama yao ya ubora, wanakuja kuona mahali unapotengenezea na wanachukua sampuli. Jikoni ambamo napika ugali na mafuta ya kuuza kwa sufuria zilizoko rafu moja sioni ikipita, na kwa kweli haifai ipite. Ndio maana nataka kuuliza KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, kama naweza kufanyia kazi kwao kwanza kabla sijakodisha chumba. Mpaka hiyo iishe siuzi. Natoa tu kwa watu kumi na wawili niliowaandika kwa daftari, kila mmoja alijaribu kwanza ndani ya mkono akangoja siku nzima, na nimewaomba wasitie kidole chenye maji kwa mkebe, manake hata mafuta matupu mtu akiyapelekea maji bafuni kila siku ile hatari inarudi.

Kuhusu neno oganiki. Kila mtu ananiambia niliweke, ati linauza. Sitaliweka. Hapa Afrika Mashariki tuna viwango vyetu vya kilimo hai tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai, shamba linakaguliwa. Ovakado yangu inatoka Murang'a na sijui jirani wa huyo mkulima ananyunyizia nini. Siku nikipata mkulima mwenye cheti nitaandika. Sai lebo inasema mafuta ya asili, chini yake kila kitu kwa Kiswahili na kwa jina lake la kitaalamu, shea Butyrospermum parkii, nazi Cocos nucifera, ovakado Persea gratissima, nta Cera alba, na vitamini E, alafu namba ya sufuria, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na uzito. Dadangu anasema maandishi ni mengi kwa mkebe mdogo hivyo. Nimepunguza ua nililokuwa nimechora.

Juzi nilimpelekea mama lebo ya kwanza iliyochapishwa, akavaa miwani yake akaisoma yote kwa sauti, polepole, mpaka vitamini E. Akauliza, ni hivi tu? Nikamwambia ni hivi tu mama. Yeye ndiye wa kwanza kwa daftari, anapaka mikono na miguu, uso bado anaogopa na mi simlazimishi.

Jumatatu saluni imefungwa. Nimebeba mikebe mitatu ya sufuria namba 14, daftari na vipimo vyote, na nitapanda matatu ya asubuhi niende South C, KEBS kwanza alafu KIRDI, wote wako huko huko.